Rekodi za wageni zinavyoielemea hifadhidata ya duka la mtandaoni

Duka la mtandaoni ni mfumo unaosoma zaidi kuliko unavyoandika. Mteja hufungua orodha ya viatu, akatazama jozi mbili tatu, akalinganisha bei, na mara nyingi akaondoka bila kununua chochote. Katika mzunguko wote huo hifadhidata haikuwa na haja ya kubadilisha hata herufi moja. Ufuatiliaji wa wageni huipindua hali hiyo. Duka linapoanza kuandika nani amefungua ukurasa gani, saa ngapi na akitokea wapi, kila usomaji huzaa uandishi, na uandishi huo huingia katika hifadhidata ileile inayotunza maagizo, malipo na idadi ya bidhaa zilizobaki ghalani. Ni sawa na muuza duka anayeandika jina la kila apitaye mlangoni katika daftari lilelile la mauzo, huku wanunuzi wakisubiri aitue kalamu.

Mfano ninaoufahamu kwa karibu ni Magento, programu ya kuendeshea maduka ya mtandaoni, hasa toleo la 1, lililotoka mwaka 2008 na kuacha kuhudumiwa na Adobe mwezi Juni 2020, ingawa tawi lake la OpenMage bado linaendelezwa na jumuiya ya wataalamu wanaolitumia. Ndani yake mna moduli iitwayo Mage_Log. Mgeni anapofika mara ya kwanza, rekodi moja huandikwa katika jedwali la log_visitor na nyingine katika log_visitor_info, inayobeba anwani ya IP, jina la kivinjari, lugha na ukurasa alikotokea. Kisha, kwa kila ukurasa, anwani kamili ya ukurasa huingizwa katika log_url_info, uhusiano wa anwani hiyo na mgeni huingizwa katika log_url, na rekodi yake ya log_visitor hurekebishwa ili ionyeshe saa aliyoonekana mara ya mwisho. Hayo ni maandishi matatu kwa ukurasa mmoja ambao pengine ulitazamwa kwa sekunde nne. Tena anwani haitumiki upya: ukurasa mmoja ukifunguliwa mara 10,000, anwani yake huhifadhiwa mara 10,000, neno kwa neno. Usafishaji wa rekodi hizi umo katika mipangilio, lakini huja ukiwa umezimwa, na anayeuwasha bila kubadilisha kitu kingine hukuta muda wa kutunza ni siku 180.

Magento si peke yake. PrestaShop ina majedwali yake ya ps_guest, ps_connections na ps_connections_page, na programu-jalizi nyingi za takwimu zinazopachikwa kwenye mifumo mingine hufuata mtindo huohuo. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa yanahusu mtindo wenyewe zaidi kuliko jina la programu.

Wenye maduka wengi hudhani kwamba tatizo la majedwali haya ni ukubwa tu, yaani nafasi wanayokula kwenye diski. Nafasi ya diski ni rahisi; gharama iko kwingine. Katika MySQL, programu ya hifadhidata inayotumiwa na maduka haya, injini ya InnoDB inayohifadhi majedwali kwa mipangilio yake ya awali hailithibitishi badiliko lolote mpaka kumbukumbu ya miamala ifike kwenye diski, na rekodi ya mgeni aliyepita njia hulipiwa usalama uleule anaolipiwa mteja aliyetoa fedha. Kila faharasa ya jedwali, yaani orodha ya kuharakisha utafutaji, nayo hurekebishwa kwa kila rekodi mpya, hivyo jedwali lenye faharasa nne lina kazi nne za ziada zilizojificha nyuma ya amri moja ya INSERT, ile ya kuingiza rekodi. Palipo na seva ya nakala, maandishi hayohayo hurudiwa huko pia, na ndiyo sababu nakala hiyo huchelewa nyakati za msongamano ingawa maagizo yenyewe ni machache.

Lakini athari ninayoiona kuwa mbaya kuliko zote haionekani katika takwimu za uandishi. InnoDB hutunza vipande vya data vinavyotumika mara kwa mara katika eneo la kumbukumbu ya RAM, ambalo ukubwa wake wa awali ni MB 128 tu na ambalo hata likiongezwa lina ukomo wake. Vipande vya majedwali ya wageni, kwa kuwa huguswa kila wakati, hushindania nafasi hiyo na vipande vya bidhaa, bei na maagizo. Vya bidhaa vikisukumwa nje, ukurasa unaofuata hulazimika kuvisoma upya kutoka kwenye diski, na mwenye duka huona utafutaji wa bidhaa umekuwa mzito bila kujua kwamba chanzo chake ni jedwali ambalo hajawahi kulifungua. Kwa maduka ya kwetu yanayopokea malipo kwa simu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu uthibitisho wa malipo hurudi kutoka kwa kampuni ya simu kama ombi jipya kwa seva. Ombi hilo likikuta hifadhidata imezidiwa, mteja atabaki na ujumbe wa makato kwenye simu yake huku agizo likiendelea kusomeka kuwa halijalipwa.

Kabla ya kubadilisha chochote, pima. Swali moja kwa information_schema.TABLES, orodha ya MySQL ya majedwali yake yote, ukipanga majibu kwa jumla ya data_length na index_length, litakuonyesha majedwali makubwa. Kumbuka tu kwamba idadi ya rekodi inayotolewa hapo ni makadirio. Linalofaa zaidi ni sys.schema_table_statistics, kwa kuwa linaonyesha ni rekodi ngapi zimeingizwa na kurekebishwa kwa kila jedwali tangu seva ilipowashwa, na pia muda uliotumika. Katika duka lenye ufuatiliaji uliowashwa, majedwali ya wageni karibu kila mara hujipanga juu kabisa, na jedwali la maagizo utalitafuta chini.

Hatua ya pili si ya kiufundi. Muulize mwenye duka ni taarifa gani hasa anayoisoma kutokana na rekodi hizi. Kwa uzoefu wangu majibu huwa machache: wageni wangapi leo, bidhaa zipi zinatazamwa zaidi, na wangapi wako dukani sasa hivi. Hakuna hata swali moja kati ya hayo linalohitaji historia ya kila ubofyaji wa kila mtu kwa nusu mwaka. Mara nyingi pia duka tayari limeunganishwa na huduma ya takwimu ya nje inayofanya kazi hiyohiyo kutoka kwenye kivinjari, na hapo jibu langu ni fupi: zima ufuatiliaji wa ndani.

Katika Magento 1 matoleo ya mwisho yana mpangilio wa kuuzima kwenye paneli ya usimamizi. Katika matoleo ya nyuma, wasikilizaji wa matukio (vipande vya programu vinavyoitika tukio fulani linapotokea) walioitwa log huzimwa ndani ya app/etc/local.xml kwa kuwapa aina ya disabled, kuanzia controller_action_predispatch na controller_action_postdispatch. Yatakayopotea yajulikane mapema. Ukurasa wa wateja walio mtandaoni utabaki mtupu, tarehe ya mteja kuingia mara ya mwisho haitaandikwa, na kisanduku cha bidhaa zilizotazamwa karibuni hakitawafanyia kazi wageni wasio na akaunti, kwa sababu kinategemea namba ya mgeni. Hili la mwisho lina suluhisho zuri ambalo Magento 2 imelichukua: orodha ya bidhaa zilizotazamwa hutunzwa katika hifadhi ya kivinjari chenyewe, na kuipeleka kwenye seva ni hiari inayokuja ikiwa imezimwa. Mgeni hubeba historia yake mwenyewe, na seva haina haja ya kuijua.

Wapo wanaopendekeza njia ya mkato ya kubadilisha injini ya majedwali haya kuwa BLACKHOLE, ambayo hupokea kila kitu na kutotunza chochote. Kwa log_url na log_url_info sina ugomvi nayo kama dawa ya dharura. Kwa log_visitor ninaikataa, kwa kuwa injini hiyo haitoi namba zinazojiongeza zenyewe, na programu inayotegemea namba ya mgeni huanza kuwachanganya wageni. Hata pale inapofaa, amri bado husafiri kutoka PHP (lugha inayoendesha programu ya duka), hufasiriwa, na INSERT bado huandikwa katika kumbukumbu inayolishwa seva za nakala. Umeondoa diski moja kwenye mnyororo, mnyororo umebaki.

Kama duka linahitaji kweli rekodi zake lenyewe, basi kazi ni kupunguza idadi ya maandishi na kuyahamisha. Anza na roboti. Injini za utafutaji, programu za kulinganisha bei na zana za kukagua seva hupita kurasa nyingi kuliko binadamu, na kwa kuwa nyingi hazitunzi kuki (kitambulisho kidogo ambacho duka huacha kwenye kivinjari), kila ombi lake huhesabiwa kuwa mgeni mpya, na kila mgeni mpya ni rekodi mpya. Magento 1 ina orodha ya majina ya roboti za kupuuzwa, ila inalinganisha jina zima na haijui zilizozaliwa baadaye. Ninapendelea kuchuja kwenye seva ya wavuti kabla PHP haijaamshwa, na kuandika rekodi ya mgeni pale tu anaporudi na kuki aliyopewa katika ombi la kwanza. Sharti hilo moja dogo huondoa kundi kubwa la rekodi zisizo na maana.

Kisha angalia saa ya mwisho ya kuonekana. Hakuna meneja anayehitaji kuijua kwa usahihi wa sekunde. Weka katika kikao cha mgeni saa ya uandishi uliopita, na usirekebishe rekodi yake mpaka zipite dakika tano. Mgeni aliyefungua kurasa ishirini ndani ya dakika kumi atasababisha marekebisho mawili au matatu badala ya ishirini, na hakuna ripoti itakayoonyesha tofauti. Sharti lake ni kwamba vikao visitunzwe katika MySQL hiyohiyo, vinginevyo umehamisha mzigo kutoka chumba kimoja kwenda kingine cha nyumba ileile; viwekwe Redis, hifadhi ya data inayofanya kazi ndani ya RAM.

Redis ndiyo pia mahali pa hesabu zenyewe. Idadi ya mitazamo ya bidhaa ni kihesabio kinachoongezwa kwa amri ya INCR ndani ya RAM, na kazi ya cron, yaani inayojiendesha kwa ratiba, huja kila baada ya dakika chache kuzikusanya hesabu zote na kuziandika MySQL kwa INSERT moja yenye mamia ya rekodi. Miamala mia tano inayothibitishwa mmoja mmoja na muamala mmoja wenye rekodi mia tano hubeba taarifa ileile, ila kwa diski ni mizigo tofauti kabisa. Kwa wageni wa kipekee wa siku, muundo wa HyperLogLog, unaotumika kwa amri za PFADD na PFCOUNT, hutoa idadi kwa kutumia RAM isiyozidi KB 12, hata wageni wakiwa mamilioni, kwa kosa la kawaida la asilimia 0.81. Redis ikizimika ghafla utapoteza hesabu za dakika chache. Ninaona hiyo ni bei ya haki, kwa sababu ni mitazamo tu. Agizo lolote lililolipwa liko salama kwingine.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kulegeza innodb_flush_log_at_trx_commit, mpangilio unaoamua ni lini muamala ufike kwenye diski, hadi 2 ili kuvumilia mzigo wa wageni. Kasi itaongezeka kweli, lakini mpangilio huo ni wa seva nzima, na umeme ukikatika unaweza kupoteza maandishi ya sekunde nzima, maagizo yakiwemo. Hatuwezi kushusha ulinzi wa malipo ili kumhudumia aliyepita kuangalia.

Jambo moja la kache ya kurasa nzima, kama Varnish, inayotunza kurasa zilizokwisha kutengenezwa na kuzitoa tena. Ukurasa ukitoka kwenye kache, PHP haifanyi kazi, kwa hiyo ufuatiliaji wa upande wa seva hauoni kitu. Wengine huziba pengo hilo kwa kuongeza ombi dogo la JavaScript linalorudi kwenye PHP kwa kila ukurasa, na hapo faida kubwa ya kache huwa imerudishwa ilikotoka. Ombi hilo liishie kwenye seva ya wavuti, lijibiwe bila maudhui, na liandikwe katika faili la kumbukumbu ambalo nginx inaweza kulijaza kwa mafungu. Uchambuzi ufanyike usiku, kwenye mashine nyingine.

Kuhusu rundo lililokwisha kukusanyika: usitoe amri moja ya DELETE kwa mamilioni ya rekodi. Itashikilia kufuli kwa muda mrefu, itajaza kumbukumbu ya kutengua, na mwishowe faili halitapungua ukubwa. Ama futa kwa mafungu ya rekodi elfu chache ukipumzika kati yake, ama, kama hutaki chochote cha zamani, unda jedwali tupu lenye muundo uleule, libadilishane jina na la zamani kwa RENAME TABLE moja, kisha lifute la zamani usiku. CREATE TABLE LIKE hainakili funguo za kigeni (viungo vya jedwali moja na jingine), kwa hiyo kagua kwanza kama jedwali linazo. Jedwali jipya unalolibuni mwenyewe ligawe kwa siku, ili kuondoa siku iliyopitwa kuwe ni kutupa kigawanyo kizima. Gharama yake ni kwamba InnoDB hairuhusu funguo za kigeni kwenye jedwali lililogawanywa, na safu ya tarehe lazima iwe sehemu ya ufunguo mkuu.

Muda wa kutunza si suala la kasi peke yake. Anwani ya IP iliyounganishwa na akaunti ya mteja ni taarifa binafsi, na Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Mimi huweka siku saba kwa rekodi ghafi na kubakiza jumla za kila siku, ambazo hazina jina wala anwani ya mtu.

Limebaki swali la wangapi wako dukani sasa hivi. Hili hujibiwa kwa seti iliyopangwa ya Redis: kila ombi la mgeni linalofika PHP huweka namba ya kikao pamoja na saa kwa ZADD, cron huondoa waliopita dakika kumi na tano kwa ZREMRANGEBYSCORE, na ZCARD hutoa idadi. Paneli ya meneja iisome kila baada ya nusu dakika.