Choya haiongezi damu: maswali tunayoulizwa kliniki

Swali: Choya ni nini?
Jibu: Ndiyo rozela, ambayo wengi huinywa wakiamini inaongeza damu. Tunachochemsha si petali, ni kile kikombe chekundu kinachobaki ua likishadondoka.

Swali: Mbona wanasayansi wanaisifu?
Jibu: Wanaisifu kwa jambo jingine. Maabara huiloweka kwenye maji au alkoholi yenye asidi kidogo, huichuja, kisha hutenganisha kemikali moja baada ya nyingine. Wekundu wake ni anthosayanini (rangi asilia za mimea), hasa za delfinidini na sayanidini. Hizi ni antioksidanti, yaani hupunguza makali ya molekuli zinazochakaza seli. Ili kuzipima, juisi hutiwa kwenye kemikali ya zambarau iitwayo DPPH. Zambarau ikififia kuwa njano, antioksidanti zimefanya kazi. Hicho ni kipimo cha chupani. Hakuna aliyeongezewa damu hapo.

Swali: Lakini ni nyekundu kama damu!
Jibu: Tia magadi kidogo kwenye nusu glasi ya hiyo juisi. Wekundu utatoweka, ugeuke bluu au kijani mbele ya macho yako. Damu ni nyekundu kwa sababu ya hemoglobini, nayo hujengwa kwa madini ya chuma.

Swali: Mke wangu ni mjamzito, wingi wa damu ni 6. Nimnyweshe lita ngapi?
Jibu: Hata moja isimcheleweshe. Mlete leo. Mjamzito anatakiwa awe na gramu 11 au zaidi za hemoglobini kwa kila desilita ya damu. Chini ya 7 ni hatari kwake na kwa mtoto.

Swali: Tukijaribu wiki moja kwanza?
Jibu: Hapana. Wala siku moja. Tunawapokea wakiwa wanahema wameketi, viganja vyeupe, moyo unakwenda mbio, na chupa ya choya imo mkobani. Malaria haifi kwa juisi. Safura, yaani minyoo inayonyonya damu, haitoki kwa juisi. Tupime, tutibu chanzo. Akihitaji kuongezewa damu, aongezewe hospitali.

Swali: Kwa hiyo niache kabisa?
Jibu: Kunywa ukipenda, sukari kidogo tafadhali (wengine hutengeneza sharubati ya sukari yenye choya kwa mbali). Ila usimezee vidonge vya kuongeza damu kwa choya wala chai, maana huzuia chuma kufyonzwa. Meza kwa maji, choya ije saa mbili baadaye. Na wa presha: choya huweza kuishusha kidogo, kwa hiyo tuambie unainywa, na dawa zako usiziache.