Mahame si kila mji uliopoa

Siku hizi kila anayetazama video za safari ndefu za gari huko Marekani anarudi na neno lilelile. Mji una kituo cha mafuta kilichofungwa na gesti moja yenye kutu? "Mahame." Jamani.

Mahame ni mahali palipokaliwa na watu, kisha wakahama. Basi. Asili yake ni kuhama, si kubomoka, na hapa ndipo wengi wanapochanganya na magofu. Gofu ni jengo; laweza kuwa katikati ya Mji Mkongwe, na upande wa pili wa ukuta watu wanauza urojo. Hame ni mahali pazima, hata kama hapana ukuta uliosimama. Nenda Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, uone msikiti na makaburi ya nguzo yaliyobaki bila ya mji wake. Hapo sawa. Na kuna mahame Pemba ambayo hayana hata hayo, ila mkulima akipiga jembe kwenye muhogo linagonga vigae vya vyungu.

Sasa hiyo barabara ya Route 66 mnayoitazama kwenye video hizo. Ilianzishwa 1926, kutoka Chicago kuelekea Los Angeles, kilomita zipatazo 3,900, na ikipita ndani ya miji yenyewe. Msafiri alikula hapo, akalala hapo, akaziba pancha hapo. Sheria ya 1956 ikaleta barabara kuu mpya ambazo huwezi kuziingia wala kuzitoka popote upendapo, na hizo zikapita kando. Seligman, Arizona, ilikatwa namna hiyo 1978, na wateja wakakatika mara moja. Lakini kinyozi Angel Delgadillo hakwenda popote. Mwaka 1987 yeye na wenziwe wakaanzisha chama cha kuipigania njia ya zamani, na watalii wakarudi kusimama pale. Hame liko wapi hapo? Ukinitajia Glenrio, mpakani mwa Texas na New Mexico, moteli tupu na paa limeingia ndani, hiyo sikubishii.

Kwani sisi hatukuona? Bububu, hapa Unguja, ilikuwa na treni yake kutoka mjini tangu 1905, na miaka ya 1920 ikaacha kuchukua abiria. Watu walibaki palepale, wakapanda magari. Leo hebu jaribu kupata kiti kwenye 502, daladala ya Bububu, jioni.

Kwa hiyo mji uliopitwa na barabara sema umepoa, au umedorora, kwani kilichokwenda ni biashara na wenyewe wamo. Ukiuita mahame na bibi wa watu amekaa barazani anakusikiliza, umemkosea adabu.