Nani Aliyemkataa Squirrel Girl?

Wiki hii nimeisoma tena hoja ileile, safari hii kutoka kwa mtu anayeipenda kwa dhati fani ya katuni: kwamba wasomaji waliukataa The Unbeatable Squirrel Girl, mfululizo wa vitabu vya katuni kuhusu shujaa msichana mwenye uwezo wa kindi, na kwamba ushahidi umo katika takwimu za mauzo ya kila mwezi. Kazi yangu ni kuagiza vitabu vya katuni kwa ajili ya duka, kwa hiyo takwimu hizo ninazifahamu tangu zinakozaliwa, na ninaomba tuache kabisa kuziita kauli ya wasomaji.

Kampuni ya Marvel ilianza kuutoa mfululizo huo Januari 2015, mwandishi akiwa Ryan North, mchoraji Erica Henderson, na mtia rangi Rico Renzi. Mhusika mwenyewe, Doreen Green, hakuwa mpya: alibuniwa na Will Murray na Steve Ditko, na katika hadithi yake ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alimshinda Doctor Doom, mmoja wa maadui wakubwa wa Marvel, kwa msaada wa kundi la kindi. North alimfanya mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta ambaye mara nyingi humaliza vita kwa kumsikiliza adui mpaka ajue anachokitaka, na hata Galactus, jitu la angani linalokula sayari, aliondoka bila kuimeza dunia kwa njia hiyo.

Sasa takwimu. Zile zilizokuwa zikijadiliwa kila mwezi zilikuwa makadirio yaliyotokana na orodha za kampuni ya Diamond, ambayo wakati huo ndiyo iliyosambaza matoleo ya Marvel kwa maduka maalumu ya katuni. Zilihesabu nakala ambazo maduka yalizinunua, wala si zile ambazo wasomaji walizinunua kutoka madukani. Wakati huo duka liliagiza miezi kadhaa kabla, likiwa na picha ya jalada na maelezo ya mistari michache tu, kisha lilipata nafasi ya mwisho ya kurekebisha oda takriban wiki tatu kabla ya toleo kutoka, na baada ya hapo nakala zisizouzwa kwa kawaida hazikurudishwa. Ukiifuata kalenda hiyo kwa makini, utaona kwamba toleo la kwanza linapowekwa rafuni, oda za awali za toleo la pili na la tatu zimekwisha kupelekwa, na muuzaji amebakiwa na siku chache tu za kuwatazama wateja kabla ya kufunga hesabu ya toleo la pili. Kushuka kwa namba kati ya toleo la kwanza na la tatu, ambako watu hukusoma kama hukumu, kwa sehemu kubwa ni hofu ya muuzaji anayejua kwamba hasara ya nakala zitakazobaki ni yake peke yake. Tena toleo la kwanza lenyewe huvimbishwa na majalada mbadala, ambayo duka huruhusiwa kuyapata likifikisha kiwango fulani cha nakala za kawaida.

Hoja ya kwamba mfululizo ulifutwa baada ya matoleo 8 haihitaji maneno mengi: Marvel ilizianza upya karibu safu zake zote mwaka 2015, na Squirrel Girl alirudi Oktoba mwaka huohuo na namba 1 nyingine, akaendelea hadi toleo la 50, Novemba 2019. Kitabu kilichokataliwa hakiachwi kiende umbali huo.

Upinzani ulikuwepo, na ni haki kuueleza ulivyokuwa. Wapo waliomchukia Doreen kwa jinsi Henderson alivyomchora, mwenye meno makubwa, mwili uliojaa na uso usiofanana na mashujaa wa kike waliowazoea. Wengine walichoshwa na maandishi madogo ambayo North aliyaweka chini ya kurasa. Haya ni maoni ya watu waliokisoma kitabu au walau kukifungua, na ninayaheshimu zaidi ya jedwali lolote la oda, ingawa kwa macho yangu uso ule ndio uliobeba nusu ya ucheshi, kwa kuwa Doreen aliweza kushangaa, kuona haya na kufurahi bila mwandishi kuongeza neno.

Waliopenda walijitokeza kwingine: katika kurasa za barua, ambako North na Henderson waliwajibu wenyewe, na katika juzuu zilizokusanya matoleo kadhaa, zilizouzwa katika maduka ya kawaida ya vitabu kwa vijana na wazazi wasiokanyaga duka la katuni. Mauzo hayo hayakuingia kabisa katika jedwali la matoleo ya kila mwezi. Mwaka 2017 mfululizo ulipata tuzo ya Eisner, moja ya tuzo kubwa za katuni Marekani, katika kundi la machapisho ya vijana, na hilo linaonyesha vizuri ulikuwa ukisomwa na nani.

Hata hivyo barua nazo zina kasoro ambayo sisi wa biashara hii hatupendi kuitaja. Huchaguliwa na wahariri, na anayechukia kitabu huacha kukinunua bila kuandika. Kwa hiyo ninapoamua oda ya mfululizo mpya wenye vituko, ninamtazama zaidi mteja aliyenunua juzuu ya kwanza: je, amerudi kuuliza ya pili, na amemleta nani?