Kwa nini roketi ya mfano hupaa wima bila usukani?

Roketi zinazopeleka setilaiti angani huwa na kompyuta, na nyingi zina injini zinazogeuzwa pembe ili kurekebisha njia. Roketi ya mfano, ile inayouzwa vipande vipande ndani ya boksi uiunganishe mwenyewe, haina hata kimoja kati ya hivyo. Ni bomba la karatasi ngumu, pua, mapezi matatu au manne na injini ndogo ya baruti. Basi nini kinaizuia isigeuke na kuwafuata watazamaji?

Jibu limo katika nukta mbili. Ya kwanza ni kitovu cha uzito, pale roketi inapotulia sawasawa ukiininginiza kwa uzi. Ikiyumba hewani, huzunguka hapo. Ya pili ni kitovu cha msukumo wa hewa, mahali ambapo nguvu zote za hewa inayoipiga ubavuni huhesabiwa kuwa zimekutana. Kitovu cha uzito kikiwa mbele, karibu na pua, roketi ikiinama kidogo hewa huusukuma mkia mpaka urudi kwenye mstari, kama mshale wenye manyoya. Nukta hizo zikibadilishana nafasi, mwinamo mdogo huzidi kukua na roketi hupiga vipinduo.

Kazi ya mapezi, basi, ni kukivuta kitovu cha hewa kiende nyuma. Kanuni ya kawaida ni kuwa nukta hizo ziachane angalau kwa upana wa bomba mara moja. Katika miaka ya 1960, James Barrowman, mhandisi wa NASA, aliwapa warushaji njia rahisi ya kukokotoa kitovu cha hewa. Asiyependa hesabu hufunga uzi kwenye kitovu cha uzito na kuizungusha roketi hewani kukizunguka kichwa chake mwenyewe: pua ikitangulia, mambo ni mazuri. Lakini injini iwe imeshatiwa ndani, maana uzito wake uko mkiani. Ndiyo sababu injini kubwa zaidi inaweza kuiharibu roketi iliyokuwa ikiruka vizuri, na dawa yake ni kuongeza uzito puani, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Mapezi ya mbao ya balsa yanataka uangalifu: nyuzi za mbao zifuate ukingo wa mbele wa pezi, la sivyo litakatika kirahisi. Na yakibandikwa yakiwa yamepinda, roketi itajisokota na kupoteza kimo.

Hata hivyo mapezi hayana msaada wowote roketi ikiwa imesimama, kwa sababu yanahitaji hewa ipite kwa kasi. Kwa hiyo roketi huanza safari ikiteleza kwenye ufito wa chuma wa takriban sentimita 90, na inapouacha iwe tayari ina mbio za kutosha. Hapo ndipo msimbo wa injini, yaani herufi na tarakimu zinazoitambulisha, unapokuwa na maana. Katika B6-4, B ni msukumo wote wa injini (nguvu yake mara sekunde inazowaka), kati ya nyutoni-sekunde 2.5 na 5, na kila herufi inayofuata huongeza kikomo hicho maradufu. 6 ni wastani wa nguvu kwa nyutoni. Roketi nzito yenye injini dhaifu itauacha ufito ikijikongoja, na mapezi yake hayatakuwa na la kufanya.

Uthabiti nao una kipimo chake. Mapezi yakiwa makubwa mno, roketi huelekeza pua upepo unakotoka na kuondoka kwa mshazari. Kimo kinapungua, na mwenye roketi anapata matembezi marefu.

Ile 4 ya mwisho ni sekunde za kusubiri baada ya injini kuu kuisha, kabla ya baruti kidogo kuifyatua pua na kutoa parachuti. Zikiwa chache mno, parachuti hufunguka roketi ikiwa bado mbioni na kuchanika. Zikizidi, roketi itakuwa imeshageuka na kuanza kushuka kwa kasi, pua chini.