Seoul Searching: kambi ile ilikuwepo kweli
Wengi wakitazama Seoul Searching, filamu ya kuchekesha ya Benson Lee iliyotoka 2015, hudhani kambi ya vijana inayoonyeshwa humo ni ya kubuni. Sivyo. Miaka ya 1980 serikali ya Korea Kusini iliwaalika kweli vijana wa Kikorea waliokulia ughaibuni waje kujifunza asili yao wakati wa likizo, na Lee mwenyewe alihudhuria mwaka 1986. Wala si vichekesho vitupu. Mtazame Kris, aliyelelewa na familia ya kuasili Marekani, anapokutana na mama yake mzazi: hawana lugha ya pamoja, inabidi Klaus, kijana aliyekulia Ujerumani, awe mkalimani wao. Kwangu, kipande hicho ni kizito kuliko vituko vyote vya kijana mtukutu Sid na wenzake kambini.