Walioonya dhidi ya vyama ndio walioviunda

Dhana: George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, mtu asiye na upande, alipanda jukwaani akavilaani vyama vya siasa.

Ukweli: Hakupanda jukwaa lolote. Hotuba yake ya kuaga ilichapishwa gazetini, Philadelphia, 19 Septemba 1796. Rasimu ya kwanza, ya 1792, ilikuwa ya James Madison. Ya mwisho ilipikwa na Alexander Hamilton. Kufikia 1796 hao wawili walikuwa vigogo wa kambi mbili hasimu!

Dhana: Madison alitaka makundi yapigwe marufuku.

Ukweli: Novemba 1787 aliandika kwamba uhuru kwa makundi ni kama hewa kwa moto, na kuufuta uhuru ni tiba mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Dawa yake ilikuwa jamhuri pana yenye maslahi mengi, ili kundi moja lisiwameze wengine. Miaka mitano baadaye kambi zilikuwa mbili tu, na moja aliijenga yeye pamoja na Thomas Jefferson.

Dhana: Wale walikuwa waungwana, wakipingana kwa hoja.

Ukweli: Januari 1798 Matthew Lyon, mbunge wa Vermont, alimtemea mate usoni Roger Griswold wa Connecticut, humo humo bungeni. Siku chache baadaye Griswold akamshukia kwa bakora. Lyon akanyakua koleo la makaa. Julai, chama cha Griswold na Hamilton, Wafederali, kikapitisha sheria ya uchochezi: ukimkashifu Rais au Bunge, jela. Makamu wa Rais hakutajwa. Makamu alikuwa Jefferson, mpinzani wao. Sheria yenyewe ilipangiwa kufa 3 Machi 1801, siku moja kabla ya muhula mpya wa urais. Ujanja mtupu. Lyon alifungwa miezi minne na kutozwa faini ya dola 1,000; wananchi wake wakamchagua tena akiwa gerezani.

Dhana: Uchaguzi wa 1800 ulipita shwari.

Ukweli: Damu haikumwagika, lakini shwari haikuwapo. Kila mjumbe wa uchaguzi, yaani mmoja wa wale waliomchagua rais kwa niaba ya majimbo, alikuwa na kura mbili, bila kutenganisha rais na makamu, kwa sababu Katiba haikuwawazia wagombea wenza wa chama kimoja. Jefferson na mwenzake Aaron Burr wakafungana, 73 kwa 73. Uamuzi ukaenda Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura moja, nalo likapiga kura mara 36. Mnamo 17 Februari 1801 mbunge Mfederali wa Vermont alijiweka kando, na kura ya jimbo hilo ikabaki mkononi mwa mwenzake mmoja tu: Lyon. Akampa Jefferson.