"Sijaigusa" si utetezi

Kabla hamjatuma picha nyingine ya kukosolewa, naomba tuelewane: neno "sijaigusa", la mpigaji anayejitetea kwamba hajaihariri picha yake, halijibu chochote. Juzi nimelikuta tena chini ya picha ya yangeyange, na safari hii uvumilivu umeniishia.

Picha yenyewe haikuwa mbaya. Yangeyange amesimama kwenye maji meusi jioni, shingo ameikunja, jicho limeshika fokasi barabara, na mpigaji ameshuka hadi usawa wa maji badala ya kupiga kwa juu kama wengi wenye uvivu wa kuchafua magoti. Tatizo ni manyoya. Kifua chote na nusu ya mgongo vimeungua, weupe mtupu, huoni unyoya hata mmoja, utadhani ndege kakatwa kwenye karatasi akabandikwa pale. Nikaandika hivyo hivyo: weupe umeungua, punguza mwanga. Jibu likaja: mimi sihariri, ndivyo ilivyotoka kwenye kamera, asili ni asili. Wakajitokeza na wapambe. Mmoja akasema watu wamezoea picha za kupikwa hadi wakiona ya kweli hawaitambui.

Haya, tuiangalie hiyo ya kweli.

Mita ya kamera, ile inayopima mwanga, haijali kama mbele yake kuna yangeyange au jiwe. Imepima fremu, imekuta maji meusi yamejaa kila upande, ikaongeza mwanga ili wastani ufike kwenye kijivu cha kati. Maji yakapauka, ndege akaungua. Mpige kunguru mbele ya anga jeupe utapata kinyume chake, kivuli chenye mdomo. Zile kamera za kisasa zinazotambua ndege zimepunguza tatizo, hazijalimaliza. Sasa, aliyekuwa pale aliyaona manyoya. Nina hakika aliyaona, maana ndiyo yaliyomfanya apige magoti kwenye tope. Mashine ikaamua vibaya, yakapotea, na yeye anaulinda uamuzi wa mashine kana kwamba ni ushuhuda.

Halafu hiyo "ilivyotoka kwenye kamera" imetokaje? Kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, hakioni rangi, kinahesabu mwanga tu. Juu yake kumetandazwa vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na bluu, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976 na ambao kamera nyingi bado zinautumia: nusu ya pikseli (vitone vinavyounda picha) ni za kijani, robo nyekundu, robo bluu. Chukua kamera ya megapikseli 24. Pikseli zilizopima wekundu ni milioni 6. Kwenye zile milioni 18 zilizobaki, wekundu umekisiwa kutoka kwa jirani zake. Ukijumlisha rangi zote tatu, theluthi mbili ya namba za rangi kwenye picha yako isiyoguswa ni makisio. Makisio mazuri, sikatai, na yana hisabati ngumu nyuma yake. Ila ni makisio.

Na hapo bado hujapata picha. Faili ghafi (RAW), yaani vipimo vya kihisi kabla havijageuzwa picha, likifunguliwa bila kufanyiwa lolote ni giza, limefifia, na lina ukijanikijani usiopendeza. Ili likupe picha ya kuonyesha mtu, kamera inachagua nyeupe ni ipi, inapanga upya mwanga na giza, inanoa kingo, inalainisha chengachenga (zile punjepunje za mwanga hafifu), kisha inabana kila kitu kiwe JPEG, faili la kawaida la picha. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384 kwa kila rangi, JPEG ina 256. Nyingine zimetupwa. Nani kachagua za kutupa? Na ukiwa umeweka mtindo wa Mandhari kwenye menyu, kamera imekukolezea na bluu ya anga na kijani cha majani. Umehariri, ndugu yangu. Umempa kazi hiyo injinia ambaye hakuwahi kusimama ulipokuwa umesimama wewe. Wanaotumia simu ndio hata wasinyanyue mdomo: simu za sasa zinapiga fremu kadhaa kwa mpigo, zinaziunganisha, zinafufua vivuli na kutuliza anga kabla kidole hakijaondoka kwenye kioo.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni machweo. Hapa nitakaa kidogo.

Jua likizama mwanga unakuwa wa dhahabu, kisha wa chungwa. Jicho linazoea kwa kiasi, lakini unajua kabisa kwamba kila kitu kimepakwa rangi, hata uso wa mwenzako. Kamera iliyoachiwa ichague nyeupe yenyewe inafanya nini? Inaona uchungwa mwingi, inadhani ni kosa la taa, inausahihisha. Inasukuma bluu. Unarudi nyumbani na machweo yaliyopoa, mchanga wa kijivu, na mlima uliopoteza joto lote. Ukiirudisha mizani ya weupe kwenye Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5500 au 6000, mwanga wa mchana wa kawaida, uchungwa uliouona unarudi mahali pake. Kwa hiyo kati ya picha hizo mbili, iliyo karibu na ulichokiona ni ile uliyoihariri. Kisha unaiweka mbele ya watu, anatokea bingwa mmoja anasema umetia chumvi.

Wengine wametia chumvi, ndiyo. Anga la zambarau lisilowahi kuwapo juu ya dunia hii nimeliona mara nyingi hadi silishtukii. Ila "umehariri sana" haimsaidii mtu. Mwambie unachokiona. Kuna mkanda mweupe unaofuata mgongo wa mlima pale unapokutana na anga: amesukuma kitelezi cha uwazi, kile kinachokaza kingo kwenye programu ya kuhariri, kupita kiasi. Vivuli vina mwanga sawa na sehemu zilizopigwa na jua, huelewi tena jua liko upande gani. Nyekundu ya ua imejaa hadi petali zimekuwa doa moja. Mwanga kwa jumla haujaungua, chaneli ya nyekundu peke yake ndiyo iliyofika ukutani, na histogramu ya jumla, ule mchoro wa mgawanyo wa mwanga, haikuonyeshi hilo. Matawi membamba yana pete zinazotokana na kunoa kupita kiasi. Hayo mtu anaweza kwenda kuyafanyia kazi. Na kabla hujasema picha yake ni ya giza, angalia mwangaza wa kioo chako mwenyewe. Na yeye kama alihariri usiku kioo kikiwa kimewashwa hadi mwisho, hapo ndipo giza lilipotoka.

Sheria ya theluthi, ile ya kumweka mhusika theluthi moja kutoka ukingo wa fremu, siigusi leo. Mmeshaitesa vya kutosha.

Wazee wa filamu nao wana wimbo wao, kwamba zamani hakukuwa na mambo haya. Zamani ipi? Mfaransa Gustave Le Gray alipiga bahari katika miaka ya 1850 kwa bamba za kolodioni, vioo vilivyopakwa kemikali, ambazo zilipokea bluu kupita kiasi, hivyo ukipata mawimbi, anga linaungua. Baadhi ya picha zake maarufu alizitengeneza kwa negativu mbili, moja ya anga na moja ya bahari, akaziunganisha kwenye upeo wa macho, na yapo mawingu yake yanayoonekana juu ya bahari zaidi ya moja. Mmarekani Ansel Adams alipiga mwezi ukichomoza juu ya Hernandez, New Mexico, mwaka 1941. Nakala zake za mwanzo zina anga lenye mawingu hafifu, za baadaye anga ni karibu jeusi tii. Negativu ni ile ile. Na nyie mliopiga rangi kwa filamu ya Velvia tangu Fujifilm walipoitoa mwaka 1990, mlijua vizuri kwa nini mliichagua. Hakuna jani lenye kijani kile.

Haya yote hayana maana kwamba ukweli haupo. Upo, ila mnautafuta kwenye kona ambayo haumo. Mashindano ya Wildlife Photographer of the Year, yanayoendeshwa na makumbusho ya historia asilia ya London, yaliwahi kuivua ushindi picha ya mbwa mwitu anayeruka lango. Ilikuwa imeshinda mwaka 2009. Mapema 2010 majaji wakaamua kwamba yaelekea mnyama yule alikuwa wa kufugwa na kufundishwa. Mwaka 2018 wakaivua nyingine, ya mla-mchwa usiku kando ya kichuguu, kwa sababu mnyama alionekana kuwa amejazwa pamba. Wapigaji wote wawili walikana. Angalia kilichowaangusha, lakini: hakuna aliyelalamikia rangi wala pikseli. Faili lingeweza kuwa safi kama lilivyotoka kwenye kadi na bado picha ikadanganya. Wewe unayejisifu hujagusa kitelezi, je, ulimtupia tai samaki ili ashuke? Uliicheza sauti ya dume kwenye spika hadi ndege wa watu akaacha kiota chake? Hayo ndiyo ninayotaka kuyajua, na ndiyo ambayo hakuna anayeyaandika chini ya picha.

Mpaka uko wapi, basi? Kuondoa vumbi la kihisi, sina neno. Kijiti kilichokatiza mbele ya mdomo wa ndege, mimi sikiondoi, ila sina hoja ya kumshinda anayekiondoa akasema wazi. Chupa ya plastiki ufukweni inanitatiza zaidi: ukiifuta umeficha hali ya ufukwe, ukisogea hatua mbili kulia isiingie kwenye fremu umeificha vile vile, na hakuna atakayekulaumu. Kimantiki sioni tofauti kubwa, ila mkono wangu unakubali la pili na kukataa la kwanza.

Kinachonikosesha raha zaidi ni hizi programu za akili bandia zinazoondoa chengachenga. Ipe picha ya ISO 12,800 (kiwango cha juu cha kukuza mwanga, kinacholeta chengachenga), itakurudishia ndege mwenye manyoya laini yaliyopangika. Je, manyoya hayo kihisi kiliyaona, au programu imekumbuka manyoya ya ndege wengine ikayachora? Nikiikuza hadi asilimia mia nimekuta mistari kwenye bawa ambayo spishi ile haina. Nikiweka kiwango cha chini naridhika, nikipandisha siridhiki, na kama kuna namba kati ya hapo ambapo kusafisha kunageuka kuchora, sijaipata. Najua Bayer naye ni makisio. Ndiyo maana sisemi ni haramu.

Kwa mwenye yangeyange, kama alipiga JPEG peke yake weupe ule haurudi. Ashushe kitelezi chote, atapata kijivu kisicho na manyoya. Safari ijayo afidie stopu moja chini, yaani apunguze mwanga kwa nusu, hata moja na theluthi mbili maji yakiwa meusi hivyo, na apige faili ghafi. Awashe onyo la kumetameta kwa sehemu zilizoungua, akijua kwamba onyo hilo na histogramu ya nyuma ya kamera vinapimwa kwenye JPEG ya kutazamia, pamoja na mtindo aliouweka kwenye menyu. Akiwa kwenye Mandhari litamlilia mapema kuliko faili ghafi linavyostahili, kwa hiyo aweke mtindo wa kawaida au ule uliopoa kabisa, kisha ashushe mwanga mpaka kifua kiache kumeta.